Hisabati Ni ya Darasa Zima

Wanachuo warudipo chuoni baada ya mazoezi ya kufundisha, taarifa wanayotuletea kuhusu somo la Hisabati aghalabu ni moja: darasa lilikuwa changamfu, watoto walijibu vema. Nasi wakufunzi tuliipokea taarifa hiyo kwa miaka mingi, tukaijaza katika fomu za tathmini, tukaendelea na mengine. Siku hizi hatuipokei kwa urahisi. Swali tunalomwuliza mwanachuo sasa ni hili: ni watoto gani walijibu? Mara nyingi hukaa kimya, kwa kuwa hajui. Si kosa lake. Hatukumfundisha kutazama hivyo, na sisi wenyewe tulijifunza kwa kuumbuka.

Tuliumbuka katika kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, tulikokwenda kuwakagua wanachuo wetu. Ulikuwa mwezi wa Juni, msimu wa pamba, na mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa ikipita njiani na mizigo yake tangu alfajiri. Asubuhi moja mwanachuo aliyepangiwa darasa la III aliamka na homa. Basi tukaamua kwamba kipindi chake kisipotee. Mmoja wetu akashika chaki, mwingine akaketi nyuma karibu na dirisha, karatasi magotini, kama afanyavyo mkaguzi. Mada ilikuwa kutoa namba za tarakimu mbili. Tulikuwa na vijiti, tulikuwa na andalio la somo lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, na tulikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Tulidhani hayo yanatosha.

Tuliandika ubaoni 52 − 27. Mikono ikainuka. Mvulana wa dawati la mbele akajibu 25, darasa likampigia makofi, tukasonga mbele. Swali la pili, la tatu, la nne. Kila mara mikono ikainuka na kila mara jibu likawa sahihi. Tuliona fahari. Lakini yule aliyeketi nyuma alikuwa amechora ramani ya madawati, akawa anatia alama kwenye kila mtoto aliyeulizwa. Kipindi kilipokwisha alitukabidhi karatasi ile bila kusema neno. Zaidi ya nusu ya maswali yote yalikuwa yamejibiwa na watoto wanne. Wote wanne walikuwa wavulana, na wote waliketi katika madawati mawili ya mbele. Kulikuwa na safu nzima upande wa kulia, wasichana watupu, ambayo haikuwa na alama hata moja.

Tulipoyapitia madaftari tulikuta jambo la pili. Wengi wa watoto wale waliopiga makofi kwa jibu la 25 walikuwa wameandika 35, na jibu hilo hilo lilijitokeza daftari baada ya daftari. Kwa hiyo darasa "lililojibu vema" lilikuwa darasa la watoto wachache waliojua na watoto wengi waliopiga makofi.

Mchana wa siku ile tulipita sokoni kununua mahitaji ya jioni. Kwenye genge la nyanya na vitunguu tulimkuta msichana mmoja wa safu ile ya kulia, aliyeandika 35, akimsaidia mama yake. Tukanunua vitu vya shilingi 2,700, tukampa noti ya 5,000. Hakuandika kitu wala hakuuliza mtu. Alitoa kwanza shilingi 300, akasema, "elfu tatu", kisha akaweka noti mbili za elfu moja juu yake, akasema, "tano." Akageuka kumhudumia mnunuzi mwingine. Tulisimama pale kitambo kidogo, chenji mikononi, tukitazamana. Mtoto tuliyemwandika asubuhi kuwa hajui kutoa alikuwa ametoa 2,700 katika 5,000 kwa muda mfupi kuliko ambao sisi tungehitaji kuchomoa kalamu.

Jambo hili si geni, wala si la Usukuma peke yake. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha habari za watoto watano wa mji wa Recife, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakifanya biashara ndogondogo mitaani. Walipoulizwa hesabu pale kwenye biashara yao, kama wanunuzi waulizavyo, walipata takriban maswali 98 katika kila 100. Hesabu za namna hiyo hiyo zilipoletwa kwao baadaye kama mtihani, katika tarakimu tupu, walipata 37 hivi katika kila 100. Mtoto aliyekokotoa bei ya nazi kumi kichwani, kwa kuzijumlisha tatutatu, alishindwa alipotakiwa kufuata njia ya shule. Wajuzi wengi wa ualimu wameitaja habari hii tangu wakati huo, lakini kuitaja ni jambo moja, na kuiona kwenye genge la nyanya, kwa mtoto uliyemkosesha wewe mwenyewe saa chache zilizopita, ni jambo jingine.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa watoto hawa wanajua hesabu za sokoni, hasara iko wapi wakishindwa zile za shule? Hasara ni kubwa. Njia ya genge humfikisha mtoto kwenye chenji ya noti moja. Haimfikishi kwenye kilo 347 za pamba kwa bei ya kilo moja, kutoa makato, kutoa deni la mbegu na dawa. Hapo hutakiwa kalamu. Na katika nchi ya pamba hesabu haijapata kuwa jambo la mtihani tu. Miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, ambao miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paul Bomani, waliona kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara walionunua pamba yao. Wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito, na katika vuguvugu hilo vikakua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mtu aliyeweza kusoma mizani na kuandika hesabu kwenye karatasi alikuwa ngao ya kijiji. Safu ile ya wasichana tuliyoipita bila kuiuliza swali hata moja ndiyo safu ya wakulima na wafanyabiashara wa kesho, na mtu atakayewapunja hatahitaji hila nyingi.

Sasa tulitazame lile jibu la 35, kwa kuwa mwalimu asiyelielewa kosa hawezi kumfikia mwenye kosa. Mtoto ameona 2 juu na 7 chini. Amefundishwa tangu darasa la I kwamba kubwa haitoki katika ndogo. Basi amegeuza, akatoa 2 katika 7, akapata 5. Kisha ametoa 2 katika 5 upande wa makumi, akapata 3. Hakukisia. Ametii kanuni tuliyompa sisi wenyewe, akaitumia mahali isipofaa. Mwalimu anayetia alama ya kosa na kuandika "rudia" anamwambia mtoto huyu arudie kutii. Atarudia, na atapata 35.

Dawa yake imo katika vijiti, lakini si kwa namna tulivyovitumia siku ile, yaani kuviinua mbele ya darasa kama mchezaji wa mazingaombwe. Kila kikundi kipate vijiti vyake. Mabua, njiti za ufagio, visoda, mbegu, vyote vinafaa, ila kwa kutoa namba kama hizi vijiti vina ubora wake kwa sababu vinaweza kufungwa kumikumi. Watoto waweke mafungu matano na vijiti viwili. Waambiwe watoe saba. Hawataweza, na hapo usiseme kitu. Subiri. Mtoto mmoja atafungua fungu. Hakuna haja ya neno "kukopa", ambalo kwa maoni yetu limeleta mkanganyo mwingi, kwa sababu anayekopa hurudisha, na hapa hakuna kinachorudishwa. Fungu limefunguliwa tu: makumi yamebaki manne, na mamoja yamekuwa kumi na mawili.

Baada ya hapo mwulize msichana wa gengeni afanye kwa njia yake, mbele ya wenzake: kutoka 27 mpaka 30 ni 3, kutoka 30 mpaka 50 ni 20, zimebaki 2, jumla 25. Njia yake iandikwe ubaoni kando ya ile ya vijiti. Tumesikia walimu wakisema kwamba njia mbili zitawachanganya watoto. Sisi tumeona kinyume chake. Kinachowachanganya ni kuambiwa kwamba akili walizokuja nazo kutoka nyumbani ziachwe mlangoni.

Tuje kwenye lugha, ambayo katika kata kama Sapiwi ni nusu ya habari yote. Mtoto wa huko aingiapo shule, mara nyingi lugha anayoijua kwa kina ni Kisukuma. Kiswahili amekisikia, na mwingine anakielewa kidogo, lakini hakifikirii. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, na hatuna nia ya kubishana na uamuzi huo ulioliunganisha taifa. Hata hivyo, mwalimu wa Hisabati anapaswa kujua jambo moja kuhusu namba za Kiswahili. Baadhi ni za Kibantu, na nyingine tumezipokea kutoka Kiarabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi zina ndugu zao katika Kisukuma, na mtoto huzitambua upesi. Sita, saba na tisa hazina. (Saba ilikuwa na jina la Kibantu katika Kiswahili cha zamani, ambalo leo limebaki katika fungate ya maharusi, na Msukuma anayeijua saba ya kwao hulisikia neno hilo kama la nyumbani. Kenda nayo ingalipo.) Lakini taabu hasa iko kwenye makumi. Kisukuma husema *makumi abili*, yaani makumi mawili, na hapo mtoto huona ndani ya jina lenyewe kwamba ni kumi mara mbili. Kiswahili husema ishirini. Hakuna "mbili" ndani ya ishirini, wala hakuna "tano" ndani ya hamsini. Kwa sisi tuliozoea, majina haya hayatusumbui. Kwa mtoto wa miaka saba ni majina manane, kuanzia ishirini hadi tisini, ya kukaririwa bila msaada wowote.

Basi tunashauri hivi. Kwa wiki kadhaa za mwanzo, na tena kila mada ya makumi na mamoja irudipo, kila namba isemwe mara mbili: hamsini na mbili, makumi matano na mawili. Jina la pili lina hesabu yote ndani yake. Mtoto anayesema "makumi matano na mawili" huku ameshika mafungu matano hawezi kwa urahisi kudhani kwamba ile 5 ni tano tu. Na watoto wanapofanya kazi katika vikundi, waachwe wabishane kwa Kisukuma. Wataleta jibu kwa Kiswahili, nao wasaidiwe kulisema. Tumewahi kuona darasa ambamo mtoto alivikwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake, na mwalimu yule yule akilalamika kwamba watoto wake hawaelezi hoja. Wangeieleza kwa lugha gani?

Hapa tunatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya mwanachuo aliyetoka Kilimanjaro au Lindi: "Mimi sijui Kisukuma." Haidhuru. Muulize mtoto namba hiyo kwao inaitwaje, uiandike, uikosee kuitamka, wakucheke. Mwalimu anayefundishwa na wanafunzi wake kwa dakika tano kila asubuhi atapata zaidi ya msamiati. Pingamizi ya pili ina uzito zaidi. Si kila mtoto wa mkoa wa Simiyu ni Msukuma. Wako Wataturu, na kule Meatu wako Wahadzabe, na mtoto mmoja wa Kitaturu katika darasa linalocheka kwa Kisukuma anaweza kuwa mpweke kuliko angekuwa katika darasa la Kiswahili kitupu. Hatuna jibu kamili la tatizo hili. Tunachoweza kusema ni kwamba mtoto huyo naye aulizwe namba za kwao, ziandikwe ubaoni pamoja na nyingine, na aketi na mtoto ajuaye lugha zaidi ya moja. Vijiti havina kabila.

Turudi kwenye mikono iliyoinuka. Kwa nini tuliwauliza wale wanne? Hatukuwa na upendeleo wowote tuliokusudia. Tuliwauliza kwa sababu walikuwa wa kwanza kuinua mikono, na sisi tulikuwa na haraka. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwasikiliza walimu wakifundisha sayansi katika shule za msingi, akaona kwamba baada ya kuuliza swali mwalimu wa kawaida husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu, kuuliza tena, au kujijibu mwenyewe. Aliposhauri wasubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakihesabiwa wazito walianza kujibu. Sekunde tatu. Tulipojaribu wenyewe tuligundua kwamba ni muda mrefu mno kwa mwalimu aliyesimama mbele ya watoto tisini. Ulimi huwasha. Lakini mtoto anayelisikia swali kwa Kiswahili, akaligeuza kwa Kisukuma, akakokotoa, kisha akatafuta neno la Kiswahili la jibu, amefanya kazi tatu zaidi ya yule wa dawati la mbele. Kumtaja wa kwanza kuinua mkono ni kuwashindanisha katika mbio ambazo mmoja ameanzia nusu ya njia.

Hila iliyotufaa ni nyepesi. Tulipiga marufuku mikono. Swali likiulizwa, kila mtoto anaandika jibu mchangani au kwenye ubao mdogo, au anamnong'oneza jirani, ndipo tunamtaja mtu, kwa kufuata karatasi ile ya madawati. Kuhusu majibu ya pamoja, yale ya "Tumeelewa?" "Ndiyooo!", hatutasema mengi. Kila mwalimu ajaribu siku moja kutembea kati ya madawati wakati wa kibwagizo hicho, asikilize ni midomo mingapi inayotangulia na mingapi inayofuata mwangwi.

Kuhusu watoto wa kike kuna jambo linaloudhi kulisema, kwa kuwa linafanywa na walimu wema. Ni nani hutumwa kuchota maji ya ofisini? Ni nani hufagia, huosha vikombe vya chai, humbeba mtoto mchanga wa mwalimu? Na hutumwa saa ngapi? Tumeshuhudia, si mara moja, msichana akiitwa kutoka katikati ya kipindi cha Hisabati, arudi somo limefika kwenye zoezi. Hakuna aliyeitwa mvulana. Msichana yule anajifunza siku ile kwamba hesabu ni kitu kinachoweza kukatizwa. Tunawasihi wanachuo walikatae jambo hili kwa adabu, hata wakiwa wageni shuleni: "Naomba amalize kipindi, kisha nitakuja naye na mvulana mmoja." Hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kumkasirikia mwanachuo wetu kwa maneno hayo.

Wavulana nao wana lao, nalo ni ng'ombe. Mtoto huchunga wiki mbili wakati kaka yake amesafiri, au wote wawili, wa kike na wa kiume, huitwa shambani pamba inapopasuka. Nchi yetu imeufungua mlango wa shule mara kadhaa: kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililoleta elimu ya msingi kwa wote kuanzia 1977, kwa kufutwa ada ya shule za msingi mwaka 2001 baada ya kuwa imerudishwa, na kwa elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016. Kila mara madarasa yalifurika. Lakini mtoto aliyekosa wiki mbili za hadithi za historia anaweza kuazima daftari na kusoma. Aliyekosa wiki mbili za kufungua mafungu ya makumi amekosa kipandio cha ngazi, na vyote vya juu yake vinaning'inia. Mwalimu aweke utaratibu wa kumpokea: dakika kumi za mwanzo wa kipindi, kila siku, ziwe za kurudia jambo la nyuma kwa vitendo, na anayerudi kutoka machungani aketi na mwenzake aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Na asiulizwe mbele ya darasa ulikuwa wapi. Mchungaji huyo, tukumbuke, kila jioni huhesabu mifugo inayotembea, na akipungukiwa na mmoja hujua. Anapocheza isolo, lile bao la Wasukuma, huona mbele kete zitakapoishia kabla hajazishika. Hayo nayo ni maandalizi ya Hisabati, kama tukitaka kuyatumia.

Kuna mtoto mwingine ambaye ramani yetu ya madawati ilimfichua. Alikuwa na ualbino, na aliketi nyuma kabisa, pembeni ya dirisha, mahali palipo na mwanga mkali kuliko pote. Hakuwa akinakili ubaoni. Alikuwa akinakili kwa jirani, pamoja na makosa ya jirani. Kanda ya Ziwa ina kumbukumbu chungu kuhusu ndugu hawa tangu mashambulizi ya miaka ya 2006 na 2007 na iliyofuata, na wazazi wengi hawajasahau. Mtoto anapokuwa amefika shuleni salama, kumwacha asione ubao ni aibu yetu sisi walimu. Mengi ya anayohitaji hayana gharama: aketi mbele, mbali na jua la dirisha, aruhusiwe kuvaa kofia ndani na kuusogelea ubao, tarakimu ziandikwe kubwa kwa chaki nyeupe, na mwalimu aseme kwa sauti kila anachokiandika, "hamsini na mbili, kutoa, ishirini na saba". Jambo hilo la mwisho tulipolianza kwa ajili yake, tuliona kwamba lilimfaa pia mtoto asiyejua bado kusoma tarakimu vizuri, na yule aliyeketi nyuma ya mwenzake mrefu.

Na fimbo? Tungependa kupita haraka, ila hatuwezi. Bado wapo wanaochapa kwa kukosa hesabu, kiboko kimoja kwa kila kosa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979 na zilizofuata zimekiweka kiboko mikononi mwa mwalimu mkuu, au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, tena kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kuandika 35 badala ya 25 hakumo. Mwenye kuchapwa kwa jibu lake hataacha kukosea. Ataacha kuandika, au atanakili kwa jirani, na mwalimu hatapata tena nafasi ya kujua alifikiri nini.

Mwanachuo wetu alipopona homa tulimkabidhi darasa lake pamoja na karatasi ile ya madawati. Alilalamika kwanza, na malalamiko yake yalikuwa ya haki: azimio la kazi linamtaka amalize mada kwa wiki moja, na sisi tunamwambia asubiri, asikilize, agawe vijiti kwa watoto tisini. Tulimwambia apunguze maswali. Badala ya kumi na tano, manne, yaliyochaguliwa vizuri. Hatujui kama alituamini siku ile, lakini alifanya.

Siku ya tatu yule mvulana wa dawati la mbele alimfuata nje. "Mwalimu, mbona siku hizi huniulizi?" Mwanachuo hakuwa na jibu, akaja kutuuliza sisi. Kwa kweli mtoto yule alikuwa na haki kama wenzake, nasi hatukuwa tumefikiria habari zake. Tukashauri kwamba asiulizwe jibu, kwa kuwa jibu analo daima, aulizwe sababu. Kesho yake akaitwa mbele kwa 61 − 38. Aliandika 23 mara moja. "Vizuri," akaambiwa, "sasa tueleze, ile 6 uliyoikata ukaandika 5, moja yake imekwenda wapi?" Mvulana alitazama ubao. Akasema, "Nimekopa." "Umekopa nini?" Akanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Msichana mmoja wa safu ya kulia akainua fungu la vijiti, akalifungua uzi, akaviachia vijiti mezani. Mvulana akarudi kwenye dawati lake, akavuta vijiti vya kikundi chake, akaanza kuvihesabu.